Maswali ya Wasomaji: Mtoto Kabla ya Pasipoti

Barua za mwezi huu zimetoka Kisumu, Busia, Bungoma, Nakuru na Vihiga, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: ni nani anayeweza kumvusha mtoto mpaka wa nchi, kwa karatasi zipi, na usalama wake huko aendako unalindwa na nani. Nimezijibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa hazina uzito sawa. Majina ya waandishi tumeyaficha.

Mjomba yuko Minnesota, mtoto yuko Nyalenda

*Mshauri, shikamoo. Dada yetu mdogo alifariki mwaka juzi, akaacha mtoto wa kike ambaye sasa ana miaka minne. Baba wa mtoto hakuwahi kujitokeza. Mtoto analelewa na mama yetu hapa Nyalenda, lakini mama amezeeka na miguu haimruhusu tena kukimbizana na mtoto. Kaka yetu mkubwa ameishi Minnesota kwa miaka 15, ana mke na kazi nzuri, na yuko tayari kumchukua. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba huko ni kuasili mtoto nje ya nchi, yaani kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kisheria, na kwamba serikali imefunga mlango. Mtoto ni wetu, na jina la bibi yetu analo. Inakuwaje mjomba wake ahesabiwe mgeni? Na je, hatuwezi kumwombea viza ya kutembea tu, mengine yakamalizwe huko huko? – Msomaji wa Kisumu*

Marahaba, na poleni kwa msiba. Swali lako ndilo linalowachanganya watu wengi kuliko yote katika jambo hili, na sababu ni kwamba sisi huku tumezoea mtoto kulelewa na nyumba tatu za ukoo mmoja bila karatasi hata moja kuandikwa, na malezi hayo yakawa mema kabisa. Sheria ya kimataifa haiulizi damu wala jina la bibi. Inauliza mtoto anaishi wapi na anayetaka kumlea anaishi wapi.

Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei 1993 kuhusu kuwalinda watoto wanaoasiliwa kutoka nchi moja hadi nyingine ulianza kutumika Kenya mwaka 2007 na Marekani mwaka 2008. Kifungu chake cha pili kinasema kwamba kinachotazamwa ni makazi ya kawaida ya pande hizo mbili. Kaka yako, hata kama angali na pasipoti ya Kenya sandukuni, makazi yake ni Minnesota. Mtoto makazi yake ni Nyalenda. Basi hilo ni jambo la nchi mbili, na ujomba hauliondoi katika mkataba. Undugu unampa nafasi mbele ya wengine pale maafisa wanapopima nani amfaaye mtoto, lakini haumruhusu kuuruka utaratibu.

Kuhusu mlango uliofungwa, mliloambiwa lina msingi. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri la Kenya lilisimamisha uasili wa watoto na watu wa nchi za nje, pamoja na wageni wanaoishi humu nchini, kwa hofu kwamba njia hiyo ilikuwa ikitumiwa na walanguzi wa watoto, na mwaka 2019 likaurudia msimamo huo. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inautambua uasili wa ndani ya ukoo, ule wa ndani ya nchi na ule wa nje, kila mmoja na masharti yake. Kwa hiyo kabla kaka yako hajalipa senti moja kwa wakala au wakili yeyote, andikeni barua kwa Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto, mweleze hali yenu kama mlivyonieleza mimi, na mngoje jibu la maandishi. Jibu la mdomo, hata likitoka kwa mtu aliyeketi nyuma ya meza ya serikali, halitamfaa mtoto siku ya kuomba viza.

Upande wa Marekani nao una swali lake, ambalo barua yako haikuligusa: je, kaka yako ni raia wa Marekani au ana kadi ya kijani tu, yaani kibali cha kukaa huko daima? Njia ya Mkataba wa Hague iko wazi kwa raia peke yake. Mwenye kadi ya kijani hana budi awe amemwasili mtoto kabla hajatimiza miaka 16, na awe amekaa naye nyumba moja akiwa na mamlaka ya kisheria juu yake kwa muda wa miaka 2, sharti ambalo simu ya kila Jumapili na pesa za M-Pesa haziwezi kulitimiza. Na hata kwa raia, mpangilio wa hatua ni mkali: serikali ya Marekani hupima kwanza kama mwombaji anafaa kulea, ndipo Kenya ipendekeze mtoto, kisha Marekani itamke kwamba mtoto huyo ataruhusiwa kuingia na kukaa daima, na baada ya hayo ndipo amri ya mahakama itolewe. Watu wengi huanzia mwisho: hupata amri ya mahakama kwanza kwa furaha kubwa, halafu hugundua kwamba hatua walizoziruka haziwezi kurudiwa, na mtoto hubaki na wazazi wa kisheria asioweza kuwafuata.

Sasa viza ya kutembea. Nakuomba uliondoe wazo hilo kabisa. Afisa wa viza atauliza safari ni ya nini, na yule atakayejibu kwamba mtoto anakwenda likizo, huku familia nzima inajua kwamba harudi, atakuwa amesema uongo ambao kisheria unaweza kumfungia mtu mlango wa Marekani maisha yake yote. Mtoto naye siku za viza zikiisha atabaki kule bila hadhi yoyote, akue hivyo, na siku moja aambiwe kwamba nchi anayoijua si yake. Si hadithi ya kutisha watoto. Sheria ya Marekani inayowapa uraia wa moja kwa moja watoto walioasiliwa na raia wake ilianza kutumika tarehe 27 Februari 2001, na iliwahusu wale tu ambao siku hiyo walikuwa hawajatimiza miaka 18. Waliokuwa wakubwa zaidi, na ambao wazazi wao walisahau kuwaombea uraia walipokuwa wadogo, waliachwa nje. Baadhi yao wamefukuzwa na kurudishwa katika nchi walizozaliwa, ambazo lugha zake hawazijui. Na hao waliingia Marekani kwa halali.

Yako mambo mnayoweza kuyaanza wiki hii. Nendeni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo mkiwa na cheti cha kifo cha marehemu na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama mojawapo halipo, hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Elezeni kuhusu baba, kwa maana sheria itataka ijulikane kama ametafutwa, na kauli kwamba hakuwahi kujitokeza haitoshi mahakamani bila mtu kuonyesha alitafutwa wapi. Ombeni pia mwelekezwe kuhusu ulezi wa kisheria, ili bibi, au mwingine atakayempokea, awe na mamlaka ya kumwandikisha mtoto shuleni na kutia saini hospitalini.

Tena nina neno moja ambalo huenda hukulitarajia. Barua yako ina mistari mingi kuhusu kaka wa Minnesota na haina hata mmoja kuhusu wewe. Afisa wa watoto atakuuliza, nami nakuuliza kabla yake: katika ukoo ulioko Kisumu, hakuna nyumba inayoweza kumlea mtoto huyu kwa msaada wa fedha za mjomba? Mkataba wenyewe unataka nchi ya mtoto itafute kwanza malezi ndani ya mipaka yake, na Mkakati wa Kitaifa wa Kurekebisha Malezi ya Watoto wa mwaka 2022 hadi 2032 umeiweka familia ya mtoto mbele ya kila kitu kingine.

"Tupitie Uganda"

*Mshauri, habari ya kazi. Mimi ni mkazi wa Busia. Kuna watu wa ng'ambo ambao wangependa kumchukua mtoto wa jirani yetu, na mama yake amekubali. Wakili mmoja ametuambia kwamba Kenya ina usumbufu, lakini mtoto akivushwa hapa mpakani, anaweza kupata amri ya ulezi kule Kampala kwa wiki chache na kupanda ndege Entebbe. Je, njia hii ni salama? – Msomaji wa Busia*

Si salama, na wakili huyo ama amelala usingizi wa miaka mingi ama anajua anachofanya. Ni kweli kwamba zamani wageni waliitumia njia ya ulezi wa kisheria nchini Uganda kuwatoa watoto haraka bila kuwaasili. Bunge la Uganda liliiziba mwaka 2016 liliporekebisha Sheria ya Watoto: ulezi wa kisheria ukawa wa raia wa Uganda pekee, na mgeni anayetaka kuasili akatakiwa kuwa ameishi Uganda kwa mwaka mmoja angalau. Hakuna tena amri ya wiki chache ambayo mgeni anaweza kuipata kwa halali.

Hata kama njia ingekuwa wazi, mtoto wa Busia ya Kenya hageuki kuwa mkazi wa Uganda kwa kuvuka mpaka. Atahitaji cheti cha kuzaliwa cha Uganda, na kwa kuwa hakuzaliwa huko, cheti hicho kitakuwa cha kughushi. Pasipoti itakayojengwa juu yake itakuwa na kasoro ile ile. Na ubalozi utakaoombwa viza una wachunguzi wanaokwenda hadi kijijini kuuliza majirani. Wanaokaa karibu na mpaka wanajua jinsi watu wanavyovuka asubuhi kununua ndizi na kurudi mchana, na mazoea hayo ndiyo yanayowafanya waone kumvusha mtoto kuwa jambo dogo.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya ulanguzi wa watu haioni hivyo. Mwenye hatia ya ulanguzi hufungwa miaka isiyopungua 30, au hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 30, au adhabu zote mbili, na sheria hiyo inamtaja waziwazi anayetoa mtoto aasiliwe kwa nia hiyo. Anayefadhili, anayesafirisha na anayempa mtoto hifadhi njiani wote wamo hatarini, ukiwemo wewe uliyeniandikia ukiwa na nia njema.

Umesema mama amekubali. Amekubali mbele ya nani? Ridhaa inayotambuliwa na Mkataba wa Hague ni ile iliyotolewa kwa hiari na kwa maandishi, baada ya mama kushauriwa na kuelezwa kwamba huenda kifungo cha kisheria kati yake na mtoto kikakatika kabisa, na bila kupewa malipo wala ahadi ya malipo. Mkataba unakataza pia wanaotaka kuasili kuonana na mama wa mtoto kabla masharti hayo hayajatimizwa, isipokuwa wawe ndugu. Kama watu hao wa ng'ambo wameshaketi sebuleni kwa jirani yako na kuacha bahasha, tayari wameiharibu kesi yao wenyewe.

Fomu za kupigwa dole gumba

*Mhariri, katika kata yetu kuna watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakisema wanatafuta watoto werevu wa kupewa ufadhili wa masomo ng'ambo. Wazazi wanapewa fomu za Kiingereza na kupigishwa dole gumba. Picha za watoto zinachukuliwa. Tufanye nini? – Mzee wa kijiji, Bungoma*

Mzee, shikamoo. Toa taarifa leo, usingoje toleo lijalo. Nenda kwa chifu na kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, na kama hupati usafiri, piga simu nambari 116, ambayo ni ya bure na ni ya kitaifa kwa mambo ya watoto. Waambie wazazi wasikubali fomu iondoke nyumbani bila nakala kubaki. Ufadhili wa masomo hauhitaji mzazi aachilie haki zake za uzazi, na fomu inayosomeka hivyo kwa lugha asiyoijua mzazi ni fomu ya jambo lingine. Ipelekeni shuleni kwa mwalimu aisome kwa sauti mbele ya baraza.

Wageni wetu wanasema Kenya ina "daraja"

*Mshauri wetu, mimi ni mzee wa kanisa Kisumu. Tunatarajia wageni kutoka Marekani watakaojitolea kwa majuma matatu katika makao ya watoto tunayoyasaidia, na wawili kati yao wamedokeza kwamba wangependa kuasili. Wameandika kwamba serikali yao imeiweka Kenya katika daraja fulani la usalama na wanauliza kama waje. Tuwajibu nini? – Msomaji wa Kisumu*

Maswali yenu ni mawili, nami nitayatenganisha.

Tangu Januari 2018, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huipa kila nchi daraja moja kati ya manne. La kwanza linamwambia msafiri achukue tahadhari za kawaida, la pili azidishe tahadhari, la tatu afikirie upya kama kuna haja ya kwenda, na la nne asiende. Ndani ya nchi moja, sehemu zinaweza kupewa madaraja tofauti: kwa Kenya, maeneo ya mpaka na Somalia yamekuwa yakipewa onyo kali kuliko nchi nzima. Kwa hiyo mgeni asisome daraja la nchi akaishia hapo. Asome mpaka atakapolikuta jina la mahali anapokwenda na barabara atakayoipita. Uingereza haitumii madaraja ya namba. Hutaja sehemu ambazo inashauri watu wake wasiende.

Ushauri huo ni maneno ya serikali kwa raia wake. Haumzuii mtu kusafiri na wala si sheria ya Kenya, ila una meno mahali pamoja: kampuni za bima. Bima nyingi za safari hukataa kulipa mtu akienda mahali ambapo serikali yake ilimkataza, na mgeni anayevunjika mguu Kisumu akahitaji kupelekwa Nairobi kwa ndege atalijua hilo siku ambayo si nzuri ya kulijua. Waambieni wageni wenu waulize bima kwanza, wajiandikishe kwa ubalozi wao kabla ya kuondoka ili wapate taarifa za dharura, na waelewe mipaka ya ubalozi. Ubalozi unaweza kumtembelea raia wake aliyekamatwa, kumpa orodha ya mawakili na kuwaarifu jamaa zake. Hauwezi kumtoa rumande, hauwezi kumlipia hospitali, na kwa hawa wawili wenye nia ya kuasili, hauwezi kuiambia Mahakama Kuu ya Kenya imkabidhi mtu mtoto.

Hapo ndipo lilipo swali la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Watu wenye nia ya kuasili hawatakiwi kuja kuchagua mtoto makaoni kwa kisingizio cha kujitolea. Kazi ya kumwoanisha mtoto na familia ni ya vyombo vilivyoidhinishwa, na hufanywa kwa kutazama mahitaji ya mtoto, si macho ya nani yamempendeza nani. Naye mtoto aliyebebwa mgongoni na mgeni kwa majuma matatu, akamwita mama, kisha mgeni akapanda ndege, amefiwa kwa mara nyingine. Nimeyaona macho ya watoto wa namna hiyo, wanaomkimbilia kila anayeingia langoni, na wageni hulidhani jambo hilo kuwa ni upendo.

Watoto wengi walioko katika makao nchini wana mzazi mmoja hai au ndugu wa karibu. Kilichowapeleka pale mara nyingi ni umaskini, ugonjwa au karo. Ndiyo sababu Kenya iliacha kusajili makao mapya ya watoto mwaka 2017 na sasa inawarudisha watoto katika familia. Kama wageni wenu wana fedha za tiketi na wanataka kusaidia, wazee wa kanisa mnaweza kuwauliza kwa adabu kama wangependa kumlipia karo mtoto aliyerudishwa kwa shangazi yake Ahero. Wengine watakubali. Wengine hawatakubali, na hapo mtakuwa mmejua walichokuwa wakikitafuta.

Tumempata mtoto, sasa kazi imepatikana Qatar

*Mshauri, mimi na mume wangu tunaishi Nakuru na sote ni Wakenya. Tumepewa mtoto wa mwaka mmoja na shirika la uasili, na tumekaa naye kwa wiki sita. Mume wangu, ambaye ni muuguzi, amepata kazi Qatar na anatakiwa kuripoti baada ya miezi miwili. Tunaweza kusafiri naye? – Mama mtarajiwa, Nakuru*

Hongera, mama, ingawa jibu ni hapana kwa sasa. Sheria inataka mtoto awe chini ya uangalizi wenu kwa miezi 3 mfululizo kabla ya ombi, na baada ya hapo Mahakama Kuu itasikiliza ripoti ya afisa wa watoto na ya mtu iliyemteua kusimama kwa niaba ya mtoto. Kabla ya amri kutolewa, ninyi ni watu mliokabidhiwa mtoto. Bado hamjawa wazazi wake mbele ya sheria, na kumtoa nje ya nchi katika hali hiyo kunaweza kuwapokonya kila kitu. Mume akilazimika kutangulia, lijulisheni shirika na wakili wenu kabla hajaondoka, maana ombi ni la wawili na mahakama itataka kujua ni nani anayemlea mtoto nyumbani.

Amri ikishatolewa, uasili huandikwa katika rejista ya watoto walioasiliwa nanyi hupewa cheti chake, na kwa cheti hicho mtaomba pasipoti ya mtoto kupitia eCitizen na kumpeleka ofisi ya Uhamiaji ya hapo hapo Nakuru. Chanjo ya homa ya manjano msiiache kwa siku ya mwisho, kwa sababu cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 kikishatolewa hudumu maisha yote.

Lakini Qatar ina jambo ambalo msipoliuliza sasa litawakuta uwanja wa ndege. Nchi nyingi ambazo sheria yake ya familia ni ya Kiislamu hazitambui uasili unaompa mtoto nasaba mpya. Zinatambua kafala, yaani kumlea, kumtunza na kumlinda mtoto bila kumbadilishia ukoo, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto umeitaja kafala katika kifungu cha 20 kama njia halali ya kumlea mtoto asiye na familia. Wakenya wengi walilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza katika habari za wafanyakazi wa nyumbani Ghuba, ambako mdhamini wa mfanyakazi naye huitwa kafili. Mzizi ni mmoja, ila mambo ni mawili tofauti. Kwenu ninyi maana yake ni kwamba cheti cha Nakuru kinaweza kutazamwa na afisa wa ukaazi wa Doha kama karatasi asiyojua aiweke wapi. Mwajiri aandikiwe swali hili: mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama ya Kenya atapewa kibali cha ukaazi kama mtegemezi au hatapewa, na anataka hati zipi zilizothibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya na ubalozi wa Qatar? Jibu lake lipatikane kwa maandishi kabla mume hajaacha kazi aliyo nayo. Na kama kazi yenyewe imepatikana kupitia wakala, hakikisheni wakala huyo yumo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Mkiwa huko, jiandikisheni kwa ubalozi wa Kenya mjini Doha, na nakala za amri ya mahakama ziwe mahali patatu: mkononi, kwenye simu, na kwa ndugu aliyebaki Nakuru. Mama anayesafiri peke yake na mtoto huulizwa maswali zaidi mipakani, kwa hiyo kila unapotoka bila mume, beba barua yake ya ridhaa iliyoapwa mbele ya wakili.

Mjukuu aliyekwenda Uholanzi

*Mwanangu, mimi ni bibi wa Vihiga, mjukuu wangu mwingine ndiye ananiandikia. Mwaka 2010 binti yangu alitia saini, na mtoto wake mchanga akaasiliwa na watu wa Uholanzi. Binti yangu sasa ni marehemu. Sitaki kumrudisha mtoto. Nataka tu ajue kwamba ana kwao. Kuna njia? – Bibi, Vihiga*

Shikamoo, bibi. Iko. Mtoto huyo alikwenda miaka mitatu baada ya Mkataba wa Hague kuanza kutumika Kenya, na kifungu cha 30 kinazitaka nchi zote mbili zitunze habari za asili yake: wazazi wake walikuwa nani, na afya ya ukoo wao. Kumbukumbu inayomuunganisha na cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa ipo kwa Msajili anayetunza rejista ya watoto walioasiliwa, ila haifunguliwi kwa umma, na wewe hutapewa anwani yake. Unachoweza kufanya ni kuweka barua mahali atakapoitafuta. Nakala moja ipelekwe kwa shirika lililoshughulikia uasili, nyingine kwa Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto, na uombe iwekwe ndani ya faili lake. Akitimiza miaka 18 akaanza kuuliza, kama wanavyouliza wengi, ataikuta.

Mwambie mjukuu wako aandike kwa Kiswahili na kwa Kimaragoli kama ndiyo lugha yenu, kisha atafute mtu wa kuitafsiri kwa Kiingereza. Aandike jina la mama yake na siku aliyofariki, majina ya ndugu zake kwa mpangilio wa kuzaliwa, na magonjwa ya ukoo mnayoyajua. Weka picha ya mama yake, nyuma yake pakiwa na mwaka. Na mahali pa boma, msiandike barabara pekee. Andikeni jina la soko, la kanisa na la shule ya msingi iliyo karibu, ili akishuka kwenye matatu apate wa kumwuliza.